Mchoro wa Nta ya Mshumaa

Msumari ulikuwa mtupu.

Vituko aliutazama mara ya kwanza, akautazama tena, akaangalia chini yake, nyuma ya mlango, ndani ya ndoo ya mihuri, hata kwenye mfuko wa aproni yake mwenyewe, kana kwamba kitambaa cha mita mbili kinaweza kujificha mfukoni pamoja na pipi ya kikohozi. Hakikuwepo. 

"Shangazi," aliita, sauti ameilainisha mpaka inateleza, "kile kitambaa kibovu kilichokuwa hapa msumarini kimeenda wapi?"

"Kibovu kipi?" Shangazi akajibu kutoka uani. "Chenye tone la nta pindoni? Nimelikwangua, hakina ubaya. Tulipungukiwa kimoja, nimekichanganya na wenzake."

"Wenzake wako wapi?"

"Kwenye beseni la maji, toka asubuhi. Au unataka viingie pipani vikavu, vitoke na madoa kama chui?"

 Vituko akaegemea meza ya kuchapia, akakaa kimya. Na kama unamjua Vituko, kimya chake kingetosha kukufanya uite watu.

Kwanza, Vituko si jina alilopewa na wazazi. Alilipata kwa jasho. Ndiye aliyewahi kupaka nili kwenye taulo la baba yake, mzee wa watu akaenda kazini na masikio ya buluu, akashinda siku nzima anauliza wenzake wanacheka nini. Baba akamsukumia kwa Shangazi, dada yake: "Kwa kuwa unapenda rangi, nenda kazipike." Hapo ndipo alipofika, vyumba viwili na ua, akakuta kwamba kazi anaiweza. Mkono wake ukishika muhuri hautaki kuuachia.

Kazi yenyewe ni hii. Unayeyusha nta jikoni, unachovya muhuri wa mbao, unagonga kwenye pamba nyeupe. Palipo na nta, rangi haipiti. Ukishazamisha kitambaa kwenye pipa la nili, kikitoka kila kitu ni buluu isipokuwa pale ulipogonga, panabaki peupe. Nta ya kazi Shangazi huichanganya na utomvu, ina umanjano, mtu anaiona. Lakini nta ya mshumaa wa kawaida ni nyeupe, na juu ya pamba nyeupe haionekani hata ukiivalia miwani. Itaonekana tu rangi ikishaingia.

Na kwenye kitambaa kile, katikati, mahali palipoachwa patupu ndani ya pindo la majani, Vituko alikuwa amechora kwa nta ya mshumaa.

Alichora nini? Ah! Hata yeye sasa hakutaka kukumbuka. Siku nne nyuma Shangazi alidondosha kijiko cha nta ya moto kwenye mguu wake mwenyewe. "Kimeteleza," alisema. Hakikuteleza. Mikono ya Shangazi ilikuwa inatetemeka, mwezi wa saba sasa, na ndani ya nyumba hiyo jambo hilo halikuwahi kusemwa. Shangazi alianza tu kutia mikono mfukoni. Kisha akaning'iniza pazia kwenye mlango wa chumba cha kuchapia. Kisha akamwambia Vituko, "Leo gonga wewe, mgongo unaniuma," na mgongo ukaendelea kuuma kila siku. Siku ile ya kijiko Vituko alicheka. Huyu mtu akiogopa sana ndipo anapocheka, ndivyo alivyoumbwa. Shangazi alipokwenda kumwagia mguu maji, Vituko akayeyusha kipande cha mshumaa, akachukua brashi, akamchora: pua kama birika, muhuri mkononi, mkono una vidole kumi na moja, sufuria zinaruka hewani. Chini, kwa herufi kubwa: TETEMEKO LA ARDHI. Alitaka akitie rangi kwenye ndoo peke yake, akitazame, acheke mpaka hofu imtoke, akichome moto. Kisha kazi zikambana, akasahau.

Sasa mchoro ulikuwa ndani ya beseni, kwenye kimoja kati ya vitambaa saba vilivyofanana kama sahani za seti moja.

Akatoka uani mbio. Akatumbukiza mikono kwenye beseni. Maji ya baridi yalikuwa yameigandisha nta yote, kila pindo gumu kama karatasi. Akapapasa katikati ya kitambaa cha juu: laini. Cha pili: laini. Cha tatu...

Kofi la Shangazi likamshukia mkononi. "Unapapasa nini humo? Nta ikipasuka, nili itaingia kila ufa. Unataka tupeleke utando wa buibui?"

"Nilikuwa nahesabu, Shangazi."

"Viko saba. Vaa glavu. Mwenye Duka anakuja mwenyewe leo."

"Anakuja kufanya nini?" 

"Kutazama."

Mwenye Duka ndiye aliyekuwa ananunua karibu kila kitambaa cha Shangazi, na alikuwa na wimbo mmoja ambao hachoki kuuimba: "Vitambaa vya mashine viko tele, Fundi. Mimi nafuata mkono wako." Angejua kwamba tangu miezi saba iliyopita mkono wenyewe uko mfukoni, asingerudi. Na asingerudi yeye, baba yake Vituko angepata alichokuwa anakitafuta, kumweka dada yake kwenye kiti sebuleni na kumwambia sasa pumzika. Shangazi alishasema siku moja, bila utani, kwamba hicho kiti ni kaburi lenye mito.

Hakuna aliyewahi kumdhihaki kwa kutetemeka. Wa kwanza angekuwa mtoto wa kaka yake, kwa herufi kubwa, mbele ya mteja.

Funguo zikalia getini. Mwenye Duka huingia na funguo nyingi na manukato mengi, simu mbele kama tochi. "Hodi! Leo narekodi. Wateja wangu wanataka kuona mikono inayofanya kazi."

"Karibu, mwenzangu," Shangazi akasema. Mikono mfukoni.

"Labda kesho, Mama," Vituko akadakia. "Pipa leo limenuna."

"Pipa nalo linanuna?"

"Sana. Likinuna linatoa rangi ya kijivu. Aibu tupu."

Shangazi akamwangalia kwa jicho moja, akafunua kifuniko kwa kiwiko. Juu ya nili kulikuwa na utando unaong'aa kama shaba, na harufu nzito ya kitu kilicho hai. Pipa lile alilianzisha miaka kumi na moja iliyopita, akawa analilisha pumba na magadi kama ng'ombe wa maziwa, na halikuwahi kufa. "Pipa halina neno," alisema. "Anza."

Vituko akajikaza kisabuni. Akachukua cha kwanza, akakizamisha polepole, akahesabu moyoni mpaka mia mbili, akakitoa. Nili ina tabia yake: kitambaa kinatoka kijani kama nyasi mbichi, kisha hewa inakigusa, na buluu inaanza kuingia kutoka pembeni kama mtu anayevuta shuka taratibu. Muda huo, kwa kawaida, ndio Vituko aliokuwa anaupenda kuliko yote. Leo alisimama mbele ya kamba, amekiziba kwa mwili wake, macho katikati. Kijani. Kijani chenye buluu. Buluu.

Hakuna kitu. Akavuta pumzi.

"Sogea basi, mbona unanizibia?" Mwenye Duka akalalamika. "Umekuwa mlango?"

Cha pili, hakuna. Cha tatu, hakuna. Na kila kinachotoka salama kilizidi kumbana, maana vilivyobaki vilipungua na mchoro uko palepale. Akamwambia Mwenye Duka akapumzike kivulini. Akajibiwa kivuli anacho nyumbani kwake. Cha nne kilipotoka jasho lilikuwa linamchuruzika mpaka ndani ya glavu. Akafikiria kusema. Akafungua mdomo kabisa.

"Shangazi..."

"Nini?"

"Hamna. Nzi."

Cha tano. Hakuna.  Akamtupia Shangazi jicho, amesimama kwenye kizingiti, uso mtulivu, mfuko wa aproni unachezacheza kama umefungiwa kifaranga. Mwenye Duka naye akautazama ule mfuko. Akautazama kidogo zaidi ya inavyopasa.

Cha sita kikiwa bado ndani ya pipa, laini katikati alipokipapasa kwa siri, Vituko akaliona tofali. Pipa lilikaa juu ya matofali matatu, moja lilikuwa limelegea tangu zamani. Lilikuwa usawa wa kidole chake cha mguu. Angelisukuma kidogo tu, pipa lingelala, nili ingeingia mfereji wa maji machafu, na kazi ingeishia hapo, kitambaa cha saba kikiwa cheupe na kimya ndani ya beseni. Miaka kumi na moja ingekwenda na maji, sawa, lakini hakuna ambaye angesoma maneno yale. Angesema tofali limeteleza.

Kama kijiko.

Akaweka mguu kwenye tofali.  Mia na tisini, mia na tisini na moja...

"Toa mguu," Shangazi akasema.

Hakupaza sauti. Alikuwa ameshafika nyuma yake, na Vituko alisikia pumzi yake shingoni. Akautoa mguu. Akakitoa na cha sita, akakitundika bila kukitazama, maana alishajua mchoro uko kwenye cha saba.

"Cha saba natia mimi," Shangazi akasema, akatoa mikono mfukoni.

Ilitetemeka waziwazi, mbele ya simu, kama majani kwenye upepo ambao watu wengine hawausikii. Hakuvaa glavu. Akakiinua kitambaa kutoka kwenye beseni, maji yakaruka huku na huku, akakizamisha, mikono ikaingia mpaka viwikoni, na uso wa nili ukajaa vimawimbi vidogo.  Vituko alitaka kumpokea akashindwa hata kuinua vidole. Mwenye Duka akaishusha simu.

Kikatoka kijani. Shangazi akakitupa juu ya kamba, akarudi nyuma hatua moja.

Pua ilianza kuonekana kwanza, nyeupe, kubwa, haina haya. Kisha vidole kumi na moja. Sufuria zinazoruka. Herufi zikajitokeza moja moja, TETEMEKO LA ARDHI, na Vituko akafumba macho.

"Fumbua," Shangazi akasema. "Hujamaliza kusoma."

Akafumbua. Kando ya mchoro wake palikuwa na mwingine ambao hakuuchora yeye: msichana mwenye mdomo mkubwa kuliko kichwa, miguu juu, sufuria imemkaa kichwani kama kofia. Mistari yake yote ilitetemeka, kila mmoja umekatika na kurudi na kukatika tena, mpaka msichana yule alionekana kama anatikiswa kweli. Chini yake, kwa herufi zilizolewa: MAJERUHI WA KWANZA.

"Miaka thelathini nashika nta," Shangazi akasema. "Unadhani nikipitisha kiganja juu ya nta ya mshumaa siijui? Nilikiona juzi. Nikawasha jiko..." Akakung'uta nili mikononi. "Nilikusudia kukichoma. Kisha nikaona nyumba nzima, wewe peke yako ndiwe uliyelisema jambo hili. Ila pua umenionea."

Vituko akataka kucheka, kikatoka kitu kingine, akajifuta kwa glavu, akabaki na shavu la buluu.

"Fundi," Mwenye Duka akasema. Sauti haikuwa ya duka. "Tangu lini?"

"Miezi saba sasa."

"Na hivi sita?"

"Mkono wake huyo. Na vilivyotangulia, tangu uliponiletea oda ya mapazia."

"Nimewauzia watu mkono wako kwa mdomo wangu."

"Najua. Nimechoka kutembea mikono mfukoni kama mwizi. Ukiamua kuondoka, getini unapajua."

Mwenye Duka akaenda kwenye kamba. Akashika pindo la cha kwanza, la pili, akageuza nyuma, akatazama majani pale mihuri inapokutana, anatafuta kosa. Alikawia. Vituko alihesabu bila kutaka, kama yuko mbele ya pipa. Alifika mia na arobaini. Kwenye cha saba yule mama alisimama zaidi, kidole karibu na ile mistari iliyokatika, bila kugusa.

"Hivi sita nachukua," akasema mwishowe, "lakini jina lako sitalitaja. Na wewe..." akamgeukia Vituko, "Jumatatu nakuja, unagonga mbele yangu, mwanzo mpaka mwisho. Lile pazia la mlangoni nisilikute. Ukiharibu, tumemalizana, sirudi."

Funguo zikaondoka, manukato yakabaki nyuma yake kidogo kisha nayo yakaondoka.

"Na hiki?" Vituko akauliza, sauti ya kunong'ona.

"Hiki bado kinachuruzika. Shika huko tukikamue."

Akashika ncha moja, Shangazi akashika nyingine, wakakisokota, huyu kulia huyu kushoto, matone ya buluu yakianguka kati ya miguu yao. Kitambaa kilipokaza kama kamba, Vituko aliuhisi: mtetemo mdogo, hausimami, unakuja kutoka upande wa pili na kuingia kwenye viganja vyake. Ilikuwa mara ya kwanza kuushika.

"Unaogopa Jumatatu?" Shangazi akauliza.

"Sana."

"Mimi pia. Kaza."