Harufu ya Lavandin Ndani ya Kikwembe

Wamama mnaobeba watoto mgongoni, sikieni yaliyompata Ndaya wa hapa Kamina, mke wa Éphraïm. Msiseme alikuwa mzembe. Yalimpata macho yakiwa wazi, tena wazi kuliko ya wengi wetu.

Majirani walimwita Mama Kwa-Nini. Ukimwambia mvua itanyesha, anataka kujua umejuaje. Ukimwuzia chumvi, anaionja kwanza, halafu anauliza imetoka upande gani. Na tangu Talitha azaliwe kabla ya mwezi wake, mdogo kama njiwa, maswali yake yote yalihamia kwenye pumzi za mtoto huyo. Alikuwa anamwekea sikio kifuani. Mbona anavuta haraka? Sasa mbona anavuta polepole? Éphraïm alikuwa anacheka, anasema mtoto atachoka kusikilizwa kama redio.

Basi wakati wa likizo dada yake Éphraïm alikuja kutoka Lubumbashi kwa treni. Huyo ni Nathalie, mwalimu wa somo la mimea. Ndani ya mkoba alikuwa na kachupa keusi ka mafuta, alikopewa na mwalimu mwenzake. Alipofungua kifuniko, nyumba nzima ilibadilika harufu.

"Ni lavande?" Ndaya akauliza. Alishawahi kuona jina hilo la ua kwenye karatasi ya sabuni.

"Ni lavandin. Iko ndugu ya lavande, lakini haiko ileile."

"Ndugu namna gani, yaya?" Alimwita yaya kwa heshima, kama dada mkubwa.

Nathalie akavuta kiti. Alijua hapo hataondoka upesi. "Kuko lavande mbili. Moja iko kadogo, inapenda milima ya juu, harufu yake ya pole. Ingine iko na majani mapana, inaota chini ya mulima, na harufu yake inapanda mu pua kama dawa ya mafua. Nyuki anabeba unga ya maua ya huyu, anapelekea mwenzake. Mutoto mwenye anazaliwa, huyo njo lavandin. Anapita bazazi bake kwa urefu, na mafuta yake iko mingi. Lakini yeye mwenyewe hazai. Mbegu yake haioti."

"Sasa banaipanda na nini?"

"Banakata kamuti kake, banachomeka mu udongo."

"Kama muhogo!" Ndaya akapiga makofi.

Mama Umba, mama mkwe wake, alikuwa nje anatwanga majani ya muhogo ya sombe. Akasimamisha mchi. "Muhogo ya kunusa! Na bukari, ugali ya harufu, banapika na nini, na pumzi?"

Wakacheka wote, lakini Ndaya aliendelea kunusa. Nyuma ya harufu ya maua kulikuwa na harufu ingine, ya baridi, inayochoma.

"Yaya, iko kama vile vidonge vyeupe vya sanduku ya nguo."

"Weye pua yako iko ya mbwa wa kuwinda! Njo kamfre hiyo, yenye bengine banaita kafuri. Aliirithi kwa muzazi wa majani mapana. Lavande ya pole iko nayo kidogo sana, huyu iko nayo ya kutosha. Njo maana banamutia mu sabuni na mu maji ya kufulia, wadudu hawamupendi. Mwenye misuli inauma anachanganya matone na mafuta ingine, anajipakaa. Lakini kuinywa, hapana. Mutu wa kifafa, hapana. Na mutoto mudogo, hapana kabisa: kamfre inaweza kumufunga pumzi."

Ndaya alisikia maneno yote, na lile la mwisho lilimwingia mpaka kwenye mifupa.

Siku zilizofuata, mtoto akilala, yeye anapima. Alidondosha tone ndani ya maji: likaelea, halikutaka kuchanganyika. Alidondosha kwenye njia ya siafu: wakasimama, wakagongana vichwa, wakatafuta njia ingine. Alitia pamba yenye tone ndani ya sanduku la vikwembe, vitenge vyake vya kuvaa, na alipolifungua kulikuwa na harufu kama nyumba ya bibi harusi. Alipaka kwenye kijiko cha plastiki, kesho yake kijiko kikawa kinanata. "Mama yangu!" akasema. "Kama inafanya hivi plastiki, ngozi je?"

Kisha Talitha akashikwa na mafua. Mama Umba akaleta yale mafuta meusi ya kokwa za ngazi, matunda ya mchikichi, ambayo watoto wake wote walipakwa nayo.

"Leta ile ya Nathalie, nichanganye tone moja, niweke ku utosi. Pale kichwa kinapigapiga, njo mulango ya bugonjwa kutoka."

"Hapana, Mama. Yaya alikataza."

"Nathalie mwenyewe nilimupaka utosi! Leo iko mwalimu, ananifundisha minyi, mama yake?"

"Mama, nisamehe. Mafuta meusi peke yake, sawa. Ile ingine, hapana."

Bibi alinuna siku nzima, anajibu wanaomsalimia kwa kidole tu. Ndaya alificha kachupa juu, kwenye miti ya paa. Moyoni alijisikia ameshinda. Mafua yalipoisha bila tone lolote, alijisikia ameshinda zaidi.

Sasa sikilizeni vizuri, maana ni hapa.

Jumamosi Ndaya alirudi kutoka shambani na mgongo uliokufa. Alikuwa amepandisha matuta ya mihogo tangu mapambazuko, na asingeweza hata kuinama kuokota sufuria. Mchana alingojewa parokiani, kwenye mkutano wa wamama.

"Njo kazi ya lavandin hii," Nathalie akasema, akashusha kachupa kutoka kwenye miti ya paa. "Lala. Mafuta ya kuchanganya iko wapi?"

Mafuta yaliyokuwa ndani ya nyumba yalikuwa mawese, mekundu kama udongo wa njia. Ndaya akaangalia blauzi yake nyeupe ya mkutano, akaangalia mawese.

"Itanichafua, yaya. Weka ile peke yake. Kidogo tu."

Nathalie akasitasita, lakini blauzi ilikuwa nyeupe kweli. Akadondosha mkononi, akamsugua kuanzia shingo mpaka kiuno. Kulikuwa baridi kwanza, halafu kukawaka moto mzuri. Ndaya alianza kuuliza kwa nini inaanza baridi na kumalizikia moto, lakini Talitha akalia. Akaamka, mgongo mwepesi, akavaa. Akamtupa mtoto mgongoni, akafunga kikwembe, akakaza. Jua lilikuwa kali, kwa hiyo akamfunika kichwa na kitambaa kingine, kama tunavyofanya sisi wote. Nathalie mwenyewe alimsaidia kukaza fundo.

Walivuka reli, yeye na Talitha. Mtoto kimya. Parokiani wamama wakamsifu.

"Mutoto huyu ana adabu, hata sauti!"

"Ameshiba, njo maana."

Ndaya akatabasamu. Halafu swali likaja: mbona kimya? Kila siku Talitha anampiga mbavu na miguu midogo, anasukuma, ananung'unika. Leo miguu imelegea. Akajitikisa kidogo. Hakuna. Katikati ya sala akafungua fundo, na wanawake wakageuka.

Shavu moja lilikuwa jekundu, lile lililolalia mgongo. Mate yalikuwa yanatoka mdomoni, macho nusu. Akaweka sikio kifuani. Pumzi ilikuja, ikakaa, ikasahau. Ikaja tena. Na kutoka ndani ya kikwembe kulipanda joto lenye harufu ya maua, na nyuma ya maua ile baridi inayochoma.

Hakuhitaji kuuliza. Alikimbia kwenye kituo cha afya akiwa amemnyoosha mtoto mbele, mikono mirefu, mbali na mwili wake, kama mtu aliyebeba kitu asichotaka kukigusa. Wenye kumwona walidhani ana wazimu.

Muuguzi Agar alimpokea mtoto. "Amekunywa nini?"

"Hakuna. Ni minyi. Nilijipakaa mafuta ya kamfre, nikamubeba. Iko kwangu."

Agar akamnusa, akarudi nyuma. "Basi toka. Weye toka, dada. Simama nje."

Fikirini, wamama. Mtoto wako anatafuta pumzi, na unafukuzwa kwa sababu wewe ndiwe unayemziba. Ndaya alisimama chini ya dirisha. Ndani alisikia nguo zinavuliwa, maji yanamwagwa, Agar anamwita Talitha kwa jina. Pumzi za mtoto hakuzisikia. Alitega lile sikio lake lililozoea kifua, likaambulia sauti za barabarani tu.

Nathalie na Mama Umba, walioitwa na wamama wa parokia, walifika mbio. Nathalie alikuwa analia. Bibi hakulia. Alichukua ndoo na sabuni, akamvua Ndaya blauzi nyuma ya ukuta, akamsugua mgongo kama anayeosha sufuria iliyoungua.

"Ulininyima tone moja ya utosi," akasema. "Ukamupa mugongo muzima."

"Ndiyo, Mama."

"Inama."

Ndipo ndani mtoto alipokohoa. Akakohoa tena, halafu akalia, kilio kikali cha hasira. Sabuni ikaanguka kutoka mkono wa bibi.

Agar aliwazuia mpaka jua lilipolegea. Alimwambia Ndaya kwamba haikuhitaji kumpaka mtoto. Pua ya mtoto ilikuwa imefungiwa pamoja na mafuta ndani ya kikwembe, joto la mama linayapandisha, na kitambaa cha kichwa kinazuia hewa. Mafuta yenyewe yalikuwa mazuri kwa kazi yake. Kazi hiyo si ya mama mwenye mtoto wa kubeba.

"Inatoka mu ngozi nyuma ya muda gani?" Ndaya akauliza.

Agar hakujua. Nathalie naye hakujua.

Kwa hiyo Mama Umba ndiye aliyembeba, kwa kikwembe alichoazima kwa mgonjwa mmoja wa kituoni. Ndaya alifuata nyuma, mbali kidogo. Upepo ulipogeuka na kuanza kupuliza kutoka kwake kwenda kwa mtoto, alivuka upande wa pili wa njia, ndani ya majani, akaendelea kutembea akihesabu kwa macho ile miguu midogo: inapiga, inapiga, inapiga mbavu za bibi.