Uwanja wa Ndege wa Nyaga

Tangu lori la mchanga limpokonye mguu wa kulia, Nyaga alibakiwa na mapenzi mawili nje ya nyumba yake: kutengeneza simu za watu pale sokoni Karurumo, na kurusha ndege. Ndege hizo alizichonga mwenyewe kwa ile sponji nyeupe ngumu inayokuja na televisheni mpya, akazitia mota ndogo na betri, akaziendesha kwa rimoti. Kupaa zilipaa vizuri. Taabu ilikuwa kutua.

Shamba lake ni mteremko mtupu wa kahawa, isipokuwa kipande kimoja bapa huko chini, kando ya kijito, palipokuwa pakilimwa nduma, yaani magimbi. Hapo udongo ni laini kama uji. Ndege ikigusa chini magurudumu yanazama, nayo inapinduka pua ikiwa topeni. Magongo ya Nyaga nayo yalizama vilevile, kwa hiyo kila ndege iliyotua iliokotwa na mtu mwingine. Mkewe Ednah aliacha sufuria motoni akakimbia. Cucu Eunice, bibi jirani mwenye miaka sabini na ushei, alikunja sketi akavuka tope akisema, "Usijisumbue, Nyaga, nitakuletea." Hata wapita njia waliingia shambani bila kuitwa. Watu wa huku wakimwona mwenye magongo anataka kuinama, wanainama wao kwanza.

Nyaga alishukuru kila mara, maana shukrani ya punda ni mateke, naye hakutaka kuwa punda. Lakini moyoni aliumia. Kwa miaka minne hakuwa amekwenda kuchukua kitu chake mwenyewe.

Mwezi wa Machi akaamua kujenga uwanja. Akaleta lori zima la changarawe, ikamwagwa, ikasawazishwa, ikapendeza kweli. Mvua za Aprili zilipokuja tope likaimeza yote, na kufikia Mei nyasi zilikuwa zimeota juu yake.

Ndambiri, jirani anayefanya kazi katika kiwanda cha kahawa, alicheka hadi akashika kiuno. "Wewe ulilisha matope," alisema. "Sasa yamezoea, yatakungoja mwaka ujao."

Jumamosi hiyo Cucu Eunice alishuka na akina mama wenzake wa kanisa kuja kutazama msiba.

"Lakini Nyaga," alisema, "kwani lazima hiyo ndege ikuwe na barabara? Si unairusha tu na mkono, ikianguka kwa nyasi sisi tunakuletea?"

Nyaga alikuwa na majibu ya kitaalamu, ya upepo na magurudumu. Akayaacha.

"Cucu, sitaki kuletewa," alisema. "Nataka ikitua, niende niichukue mimi."

Ednah, aliyekwisha kuunguza githeri mara nyingi kwa ajili ya ndege hizo, alitazama miguu yake mwenyewe. Hakuwa amewahi kulisikia jambo hilo, naye analala kitanda kimoja na mwenye kulisema.

"Si ungesema," alisema Cucu mwishowe. "Sisi tulidhani ni ndege inataka barabara. Kumbe ni wewe."

Kuanzia hapo kazi ikawa ya Cucu. Kuishi kwingi ni kuona mengi, naye alikuwa amepura maharagwe ya miaka hamsini juu ya udongo uleule, baada ya kuukanyaga ukawa mgumu. Kwanza fukuza maji, alisema. Ikachimbwa mitaro miwili, huku na huku, hadi kijitoni. Ndambiri akaomba kiwandani nyavu kuukuu za vitanda vya kuanikia kahawa, zikatandikwa ili changarawe isipate njia ya kuzama. Changarawe mpya ikamwagwa juu. Kisha akina mama wakaanza kuikanyaga kwa nyimbo za kanisa, kila Alhamisi, mstari kwa mstari, kama sakafu za zamani zilivyokanyagwa. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kazi ya Nyaga ilikuwa kupita nyuma yao na magongo. Ncha ikizama hata kidogo, alisema, "Bado," nao wakarudia ubeti. Walimchoka sana, lakini walirudia.

Jumapili moja ya Agosti, baada ya ibada, watu kama arobaini walikaa kati ya miti ya kahawa. Ndege ilikimbia, ikainuka, ikazunguka juu ya mimakadamia mara tatu, ikashuka. Magurudumu yaligusa yakaendelea kubingirika, hatua sitini nzima, hadi mwisho kabisa wa uwanja. Ikasimama wima.

Cucu Eunice aliinuka nusu. Ednah akamvuta leso, naye Cucu akaketi tena. Ndambiri alikuwa ametandaza mikono mbele ya watu kama mtu anayezuia ng'ombe.

Nyaga alianza kutembea. Gongo, mguu, gongo, mguu, na chini palikuwa pagumu. Alichukua muda mrefu, na hakuna hata mmoja aliyemwita wala kumpigia makofi. Alipofika aliinama taratibu, akaikamata ndege kwa bawa, akaiweka kwapani. Ndipo akageuka akawaona, wote arobaini pale pale walipokuwa, Cucu akiwa ameikalia mikono yake mwenyewe.

Machozi yalimtoka na hakuyafuta, maana mikono ilikuwa na kazi.

"Asanteni," aliwaambia kwa sauti kutoka ng'ambo ile, "asanteni sana kwa kukaa."