Kiboko Aliyemchelewesha Winfrida

Naapa kwa vidole vitatu vya skauti, gumba likiwa limekilalia kidole kidogo, mkubwa akimkinga mdogo kama inavyotakiwa, kwamba haya ninayoandika ni kweli tupu. Na mkiona nafoka, mnivumilie. Mimi ni mstaafu wa reli. Hasira ndiyo kiinua mgongo pekee kilichonifikia bila kukatwa.

Tulikuwa kwenye kozi ya juu ya viongozi wa skauti, ile ambayo ukihitimu unavishwa shanga mbili za mti shingoni. Watu wazima wenye wajukuu tulipiga kambi ufukweni mwa ziwa, mbele ya Kibirizi, tukagawanywa vikosi kama watoto, kila kikosi na mnyama wake na mlio wake. Sisi tulikuwa Furukombe. Kila asubuhi tulisimama mchangani, tukatupa vichwa nyuma na kulia kama yule ndege, hadi wavuvi wakadhani kuna msiba.

Kikosini mwetu alikuwamo Winfrida wa Kagunga, kule mpakani na Burundi, mama anayewafundisha watoto wa wavuvi kufunga mafundo kwa kamba za nyavu chakavu. Watoto wale hawajawahi kulala kwenye hema, maana kanuni inasema watoto hawalali kambini bila kiongozi aliyehitimu kozi hii, na Kagunga nzima kiongozi ni yeye peke yake. Siku anaondoka walimsindikiza hadi kwenye boti wakiimba. Alitusimulia hilo kila tulipokuwa tunamenya viazi.

Alikuwamo pia Bwana Adolf, mjumbe wa kamati. Sema alikuwamo kwa jina. Siku ya kwanza alipiga picha mbele ya hema, akaenda zake gesti mjini, huko Mwanga. Mvua ikatunyeshea tukashika nguzo za hema kwa mikono, yeye yuko chini ya feni. Bi Yunisi, mkufunzi mkuu, alikuwa na vikosi vingi vya kuzungukia, kwa hiyo kuhusu nani yupo na nani hayupo alitegemea neno la kamati. Na kamati ndiyo Adolf.

Siku ya mwisho akarudi na shati lililopigwa pasi mpaka ungeweza kukatia kitunguu. Bi Yunisi akatukusanya atangaze. Adolf amehitimu. Winfrida hakuhitimu, kwa kuwa siku ya kwanza alifika mchana na kukosa somo la usalama wa watoto majini.

Usalama majini! Mtu katoka Kagunga juu ya mawimbi, kalowa mpaka kilemba, halafu anaambiwa hajui maji. Na aliyelala gesti anainamisha shingo avishwe. Nilihisi damu inanipanda mpaka kwenye meno ya bandia. Nikasimama.

"Bi Yunisi, kabla hujamvisha, mwambie Bwana Adolf atupigie mlio wa kikosi chake."

Adolf akacheka, akasema hayo ni mambo ya kitoto. Bi Yunisi hakucheka. Akamwambia apige. Jamaa akatazama huku na huku, akavuta pumzi, akawika kama jogoo aliyekanyagwa mkia. Kambi nzima ikaanguka kwa kicheko, na shanga zikarudi mkobani.

Hapo ndipo ningepaswa kukaa chini. Sikukaa, kwa sababu Adolf alinigeukia na kuniuliza kwa dharau, "Na huyo mama yenu je, Mzee Selestini? Au kanuni ni ya kwangu tu?"

Swali lilikuwa la haki, nalo ndilo lililonitia wazimu. Nikajibu kwamba Winfrida alicheleweshwa na kiboko. Nikasema nilimwona kwa macho yangu mawili, pamoja na hili lenye mtoto wa jicho, asubuhi ile nikichota maji. Dume, mgongo kama behewa. Kaweka kidevu juu ya boti, anaisukuma kuirudisha Burundi, na Winfrida kawakalisha abiria wote chini, anamwimbia yule mnyama wimbo wa kambini mpaka kasinzia. Nani basi alilikosa somo la usalama majini?

Bi Yunisi akamgeukia Winfrida, akamuuliza kama ni kweli. Nikamkonyeza kwa jicho lile zima. Neno moja tu, na watoto wa Kagunga wangelala hemani.

Winfrida akafunga upya fundo la skafu yake. "Hakukuwa na kiboko," akasema. "Mwenye boti alikuwa anangoja magunia ya dagaa. Nilimsihi tuondoke, akanicheka." Kisha akanitazama. "Asante, baba. Lakini wale watoto nimewafundisha mwenyewe kwamba skauti haongopi. Nikirudi na shanga za kiboko nitawatazamaje?"

Bi Yunisi akatangaza kwamba Winfrida hatavishwa leo. Ila yeye mwenyewe atapanda boti hadi Kagunga, somo lile alifundishe huko, majini, watoto wakiwamo, na amvishe Winfrida mbele yao. Winfrida akajifuta uso kwa skafu.

Kisha Bi Yunisi akaja kwangu. "Gumba humkinga mdogo, Mzee wangu. Halimdanganyii." Akasema shanga zangu zitangoja kozi ijayo. Na masufuria ya vikosi vyote tutayaosha mimi na Adolf.

Kwa hiyo tukaingia majini hadi magotini, tunasugua masizi kwa mchanga. Shati la Adolf lilikuwa halikati tena hata nyanya. Mwishowe akaniuliza, bila kunitazama, yule kiboko alikuwa mkubwa kiasi gani.

Ningefanyaje? Nikanyoosha mikono yote miwili kumwonyesha. Sufuria kubwa ikaniponyoka, ikaelea na kushika njia ya Kongo, ng'ambo ya ziwa. Bi Yunisi akasema kutoka ufukweni kwamba niifuate mwenyewe, kiboko wangu atanisindikiza.

Nikajitosa na nguo zangu.