Kikombe Mbele ya Mkwe

Povu la soya lilipopanda hadi ukingoni mwa sufuria, Priska alipunguza mkaa, akaitazama saa ya ukutani. Bado dakika ishirini. Safari hii hata moja haikatwi.

Kosa la mara ya kwanza lilitokana na mazoea. Tangu utoto wake nafaka ya kwao ilikuwa uwele, na uwele hauna makuu: unapepetwa, unaanikwa, unasagwa. Basi alipotaka kumtengenezea mjukuu wake Jordan unga wa lishe, aliipepeta soya, akaianika pamoja na uwele, akaupeleka mchanganyiko wote mashineni Kizota kwa moyo mkunjufu. Unga ukafika Gulwe kwa binti yake, Edina. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu akanywa uji siku mbili, akaharisha siku nne.

Mama mkwe wa Edina alipitisha hukumu palepale: soya ni chakula cha kuku, tena inaharibu wanaume, isiingie tena nyumbani mwake. Jordan akabaki na uji mweupe wa mahindi, na mstari wa uzito kwenye kadi yake ya kliniki, uliokuwa umeanza kulala, ukashuka. Edina alilia kwenye simu.

Priska alikwenda kumuuliza muuguzi mmoja pale kituo cha afya cha Makole, na muuguzi hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Soya inajenga mwili wa mtoto, alisema, lakini ikiwa mbichi inachafua tumbo. Ichemshwe nusu saa, imenywe maganda, ikaushwe, ndipo isagwe. Mtoto aanze na kidogo, na akitoka vipele au kuvimba, aachishwe mara moja. Hayo ya wanaume ni maneno ya vijiweni.

Priska alirudi nyumbani aibu imemjaa kifuani. Angeweza kunyamaza, lawama ikabaki kwa soya, na hakuna ambaye angejua. Lakini Jordan angeendelea kukonda huku tumbo limejaa uji. Siku hiyohiyo akabandika sufuria.

Siku ya sita, soya ikiwa imekauka na kusagwa, alishuka Gulwe na mfuko wa unga kwapani. Fredy, mume wa Edina, alimpa shikamoo kutoka mlangoni, macho chini, kama ilivyompasa mkwe. Katika familia zao mama mkwe na mkwe hawali wakionana. Tangu harusi, miaka minne sasa, hakuna aliyewahi kumwona mwenzake akitafuna. Edina alipoleta uji wa unga huo, Fredy akageuka aondoke.

Priska akamwomba abaki. Mama Fredy, aliyekuwa amempakata Jordan, aliinua uso.

"Mama Edina, utakunywa mbele ya mkweo?"

"Nataka anione," Priska alisema. "Ile soya sikuichemsha. Aliyemwumiza mjukuu wetu ni mimi, Mama Fredy, si soya. Hii nimeichemsha kwa mikono yangu, na wa kwanza kuinywa ni mimi."

Alikishika kikombe kwa mikono miwili. Alijisikia kama mtu aliyevuliwa kitenge sokoni. Uji ulikuwa wa moto, akaumeza hivyohivyo, funda kwa funda, mpaka ukaisha.

Fredy alikuwa amegeukia ukuta, lakini hakutoka. Akanyoosha mkono nyuma yake, bila kutazama.

"Edina," alisema, "na mimi nipe."

Edina akamtilia. Akanywa akiwa amewapa mgongo, na koo lake likasikika likimeza.

Mama Fredy aliutazama mgongo wa mwanawe kwa muda mrefu, kisha akamtazama mtoto mapajani, shingo yake nyembamba, macho yake yakikifuata kikombe cha baba. Akachukua kijiko kidogo kwenye sinia, akakifuta taratibu kwa pindo la khanga yake.