Mstari wa Kifungu cha Tisa

Kazi ya Fundi Maandishi ilikuwa kuzivua nguo nyaraka. Ndivyo mumewe alivyowaeleza wageni, wageni wakacheka, yeye akanuna. Lakini ukweli ndio huo. Watu walimletea vitabu, ripoti na kanuni zilizopangwa kiwandani, zenye safu mbilimbili, mapambo pembeni na namba za kurasa ndani ya viduara. Yeye akazipitisha kwenye kompyuta yake juu ya meza ya jikoni, ghorofa ya nne, akatoa maandishi matupu: herufi, nafasi, nukta, basi. Maandishi ya namna hiyo husomeka kwenye simu yoyote, hata ile iliyofungwa kwa mpira wa nywele.

Jengo halikuwa na lifti. Chini kabisa aliishi mama mkwe wake, mwenyekiti wa wapangaji kwa miaka kumi na mmoja, mwanamke aliyekula chumvi nyingi na ambaye magoti yake yalistaafu kabla yake. Katika miaka sita ya ndoa ya mwanawe hakuwahi kupanda kumtembelea mkwewe hata siku moja. Alisema ni magoti. Haya, magoti ni magoti, nani abishe? Lakini magoti hayohayo mwaka juzi yalifika ghorofa ya pili kwenye msiba wa jirani, yakakaa siku tatu. Jambo hilo lilimuuma Fundi Maandishi, na hakumwambia mtu.

Kwa hiyo mama mkwe alipomwita chini na kumkabidhi flashi yenye faili la kanuni za jengo kutoka kiwanda cha chapa, aliipokea kwa mikono miwili.

"Zigeuze hizi ziingie kwenye simu za watu," mama mkwe alisema. "Nasikia we ni fundi."

Nasikia we ni fundi! Miaka sita alikuwa akingoja sifa kutoka kinywa kile, na hii ndiyo iliyotoka. Alipanda ngazi akitabasamu peke yake kama mwehu. Akafanya kazi siku mbili. Alifuta kichwa kilichojirudia kila ukurasa, akaunga maneno yaliyokatwa mwisho wa mstari, akahakikisha safu ya kushoto haichanganyiki na ya kulia. Herufi haikupotea hata moja. Jumatatu akawatumia wapangaji wote. Kamati nayo, ili kusiwe na kanuni za aina mbili jengoni, ikakusanya vijitabu vya zamani vya kanuni vilivyokuwa kwa wapangaji na kumpa fundi viatu afungie viatu.

Sasa sikiliza alichokosea. Kila mara mkutano ulipofuta kifungu, mama mkwe aliwaambia watu wa kiwanda cha chapa wasikiondoe, wakiache palepale na kukipiga mstari katikati. "Watu wajue tulikotoka," alisema. Kwa jicho la mtu, mstari ule ni hukumu. Kwa kompyuta, mstari ule ni mchoro tu, na kompyuta iliagizwa ichukue herufi, michoro iachane nayo. Ikatii. Vifungu saba vilivyofutwa vikafufuka, bukheri wa afya.

Jumatano, mpangaji mmoja wa ghorofa ya tatu, mtu anayeogopa kanuni kuliko mauti, alionekana akipandisha ndoo ya maji darini kama kifungu cha nne kilivyoagiza. Hakuna aliyepiga mluzi ngazini siku nzima. Fundi Maandishi aliona watu wamekuwa na adabu, akafurahi.

Alhamisi, Mkaguzi akapiga hodi. Huyu alikuwa mkaguzi wa shule mstaafu wa ghorofa ya kwanza, na uenyekiti aliutaka tangu siku aliyostaafu.

"Hongera kwa kazi safi," alisema mlangoni. "Nimesoma yote. Hasa kifungu cha tisa. Tutaonana Jumamosi kwenye uchaguzi."

Akashuka. Fundi Maandishi akafungua simu akasoma: *Mwenyekiti awe mtu awezaye kupanda ngazi hadi ghorofa ya nne bila kushikwa mkono wala kupumzika njiani.* Kilikuwa kifungu cha enzi zile mwenyekiti alipolazimika kukagua tangi la maji darini kila wiki. Akafungua faili la asili. Mstari huo hapo, mnyoofu, umekata maneno yote kutoka mwanzo hadi mwisho.

Alishuka mbio kwa mama mkwe, akaeleza yote akiwa amesimama.

"Kwa hiyo umeniondoa kwenye kiti," mama mkwe alisema.

"Kwa bahati mbaya, mama."

"Sikuuliza kama ni kwa bahati."

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini alijaribu kuyazoa. Alibeba kompyuta mpaka kwa Mkaguzi, akamwonyesha mstari. Mkaguzi akautazama kwa heshima zote.

"Kompyuta ni yako, mama mkwe ni wako," alisema. "Leo unasema pana mstari, kesho utasema pana duara. Niletee kitabu."

Kitabu! Vyote vilikuwa kwa fundi viatu, na fundi viatu alikuwa na wateja wengi wiki ile. Alikuta kipande kimoja tu, chenye kifungu cha pili. Usiku huo hakulala, na si kwa ajili ya kiti. Alijua kwamba sasa mama mkwe alikuwa na sababu halisi ya kutofika kwake maisha yake yote.

Jumamosi alasiri wapangaji walikusanyika uani. Mkaguzi akasoma kifungu cha tisa kwa sauti ya darasani. Watu wakatazama viatu vyao. Mama mkwe akainuka.

"Sawa," alisema. "Napanda."

"Mama, usipande," Fundi Maandishi alisema.

"We nyamaza. Umeshaandika ya kutosha."

Akapanda, mkutano mzima ukamfuata. Ghorofa ya kwanza alipita kimya. Ya pili alijikaza kisabuni. Kabla ya kufika ya tatu magoti yalikuwa yakisikika, na nyuma yake watu arobaini walipumua polepole ili wasimwaibishe. Hapo ghorofa ya tatu akashika ukingo wa ngazi, akasimama. Mkaguzi akatazama saa.

Fundi Maandishi aliinua macho kuelekea mlango wake ili asimwone mama mkwe akihema. Juu kulikuwa kimya. Hata friji lake, lililokuwa likigonga usiku na mchana mpaka mumewe alipoweka kitu chini ya mguu mmoja, lilikuwa kimya. Aliweka nini vile?

Loo!

Alipanda ngazi mbilimbili, akaingia jikoni, akapiga magoti. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, naye aliinama mpaka shavu likagusa sakafu. Akavuta. Friji likaanza: gwa, gwa, gwa.

Mkaguzi alikipokea kijitabu, akakigeuza kwenye mwanga. Kila ukurasa ulikuwa na shimo la mguu wa friji, lakini kifungu cha tisa kilisomeka, na mstari juu yake. Akaukwangua kwa ukucha. Haukutoka. Akasoma tarehe pembeni.

"Kimefutwa," alisema. "Sasa nakumbuka. Na mimi nilinyoosha mkono kifutwe."

Mtu mmoja akacheka, wengine wakafuata. Mpangaji wa ndoo akauliza kama na cha nne kimefutwa, akaambiwa ndiyo, akakaa kwenye ngazi. Watu wakaanza kushuka kwenda kupiga kura. Mama mkwe hakugeuka.

"Nini hicho kinachogonga huko juu?" aliuliza.

"Friji, mama. Kitabu kilikuwa chini yake."

"Kila siku linagonga hivyo?"

"Likikosa kitabu."

"Basi twende tukakirudishe." Akanyoosha mkono. "Nishike. Si kimefutwa?"

Fundi Maandishi akamshika. Walipanda ngazi moja, wakapumzika. Nyingine, wakapumzika.

"Kule msibani nilifika," mama mkwe alisema, akihema, "kwa sababu kila mtu alikuwa analia, hakuna wa kunitazama. Kwako ningeingia hivi, nahema kama ng'ombe, na wewe mgeni kwetu. Niliona aibu. Miaka ikapita."

"Mimi nilidhani hunipendi."

"Ungeniuliza."

Mlango ulikuwa wazi kama alivyouacha, na friji likiendelea kugonga. Mama mkwe akasimama kizingitini, mkono bado umeshikwa na mwenye nyumba, akaweka sawa kitambaa cha kichwa.

"Hodi," alisema.

"Karibu, mama. Karibu, karibu," Fundi Maandishi alijibu, akamwongoza hadi kwenye kiti.