Mkeka wa Stoo ya Champaklal

Jumatano, tarehe 14 Agosti 1974, saa kumi na moja na robo jioni, upepo mkavu wa kiangazi ukirusha vumbi la mtaa wa Ng'ambo hadi ndani ya duka la Champaklal, Mwalimu Raymundi alisimama mbele ya kamati ya tawi la chama, vifungo vyote vya koti vimefungwa.

Mwenyekiti Modest, ambaye zamani walilala naye bweni moja shuleni, hakuzunguka maneno.

"Miezi mitatu unaingia stoo hii kila jioni, mlango unafungwa. Leo tumekagua, tumekuta mkeka mtupu. Sukari mnayoificha mnaipeleka wapi?"

Sukari haikuwapo kamwe. Tangu mkewe Apolinaria afariki, Raymundi hakupata usingizi. Alilala chali, mikono imebana ubavuni, kama walivyozoezwa bwenini kungoja ukaguzi, akisikiliza treni ya Kigoma mpaka alfajiri. Siku moja akasinzia wima penye kaunta. Champaklal, mgane mwenzake, akamtandikia mkeka stoo, akamfundisha yoga aliyoachiwa na baba yake: magoti kifuani, pumzi taratibu, mgongo ukigeuzwa polepole. Raymundi akahesabu kwa sauti, moja, mbili, akakaza viungo mpaka vikalia.

"Hili si gwaride, Mwalimu. Nani anakukagua?"

Usiku ule alilala saa nne mfululizo. Aliomba jambo moja tu, mtu asijue. Aliyechapa watoto wa mji huu kwa kukaa vibaya darasani angeonekanaje akibiringika sakafuni? Champaklal akaahidi. Na leo, kamati ikitishia kulifunga duka lake, alikuwa ameulizwa mara mbili, na mara mbili amenyamaza.

"Tunangoja, Mwalimu," alisema Modest.

Raymundi alivua koti, akalikunja mara nne, akaliweka juu ya kaunta. Kisha akalala chini, juu ya saruji, akavuta magoti kifuani.

"Lo! Mwiteni mkunga!" alipaza sauti Mayala, fundi baiskeli, mwanafunzi wake wa zamani. Umati mlangoni ukaangua kicheko.

Raymundi aligeuza mgongo kulia, kisha kushoto, bila kuhesabu.

"Ndicho nilichokuwa nikifanya humo," alisema akiwa palepale chini. "Nilikuwa silali. Huyu amenifundisha kulala."

Modest hakucheka. "Shuleni mtu huyu hata mpira hakucheza, asije akachafuka," aliwaambia wenzake. "Asingelala chini hivi kwa ajili ya sukari. Duka lisifungwe."

Wakaondoka, na kicheko kikaenda nao barabara nzima. Champaklal akatoka nyuma ya kaunta, akanyoosha mkono kumwinua. Raymundi aliinuka mwenyewe, akapangusa vumbi, akafunga vifungo kimoja kimoja.

"Kesho saa zile zile, Mwalimu?"

"Mkeka ninao nyumbani. Ulinipa usingizi, nami leo nimekulipa. Hatudaiani, Champaklal."