Kofia Iliyomkaa Sawasawa

Nesi alipomvua mtoto kofia tu, akainama kukitazama kichwa kwa karibu. Fundi, baba wa mtoto, akaliona hilo, akasogea.

"Hii kofia kashona nani?"

"Mimi," akajibu fundi. Siku nyingine angeongeza neno, maana kwa kujisifia fundi cherehani huyu hajambo.

Juu ya kichwa cha bintiye, Kifungo kama walivyozoea kumwita, palikuwa na uvimbe mkubwa kama chungwa. Si ugonjwa. Ni mfuko wa mpira ambao madaktari waliupachika chini ya ngozi yenye nywele, na kila wiki nesi aliujaza maji ya chumvi kwa sindano, kidogo kidogo, ngozi itanuke na kuongezeka. Ikishatosha, mfuko ungetolewa, na ngozi hiyo ivutwe kufunika kovu la maji moto lililomwacha mtoto na upara upande mmoja. Wazazi wengine waliguna walipoelezwa. Fundi aliielewa mara moja: kiraka kinatafutiwa kitambaa, basi.

Ila watoto wa shule nao hawana dogo. Walimwita Vichwa Viwili mpaka akagoma kutoka nje. Fundi akaingia kazini kwa hasira, akapima, akakata, akatia lastiki ukingoni, na kofia ikamkaa mtoto sawasawa. Jamani! Mtu anayewaachia wateja wake nafasi ya kunenepa, kwa mwanawe mwenyewe akasahau kwamba kichwa kile kinajazwa kila wiki.

Sasa lastiki ilikuwa imechora mstari mwekundu unaong'aa, pale ambapo ngozi ilikuwa nyembamba kuliko pote.

"Hapa pakipasuka, mfuko lazima utolewe," nesi akasema. "Miezi yote hii itakuwa imekwenda bure. Ngoja nimwite daktari."

Kungoja gani kule! Fundi alisimama roho juu, mara aingize mikono mfukoni, mara aitoe. Alijilaani kimoyomoyo kwa kila tusi alilolijua. Kifungo alikaa kitandani akichezea ncha ya shuka.

Daktari akaja, akaubonyeza mstari kwa kidole. Ngozi ikapauka. Fundi akainama kutazama. Wekundu ukakawia, ukakawia, halafu ukarudi taratibu.

"Damu bado inapita," daktari akasema. "Mmeponea chupuchupu. Leo hatujazi kitu, ngozi ipumzike. Na kofia marufuku, hata kitambaa. Kesho mrudi niitazame tena."

"Ahsante, daktari. Ahsante sana." Fundi alishukuru hadi daktari akamshika bega kumtuliza. Kisha akamgeukia bintiye, na hofu yote ile ikamtoka kwa ukali.

"Wewe nawe! Kofia inakubana namna hii, umenyamaza tu? Haikuwa inauma?"

"Ilikuwa inauma."

"Sasa mbona hukusema?"

Kifungo akainamisha macho. "Siku uliponivalisha ulicheka, baba. Tangu niungue ulikuwa hucheki."

Fundi akakaa kitandani kando yake, akalia kwa sauti, na nesi na daktari wako palepale.